Dakika Moja Nje ya Mlango

Ninyi vijana mliobaki dukani mmenicheka miaka yote. Mteja akishakubali, akishatia sahihi, mzee anavaa koti, anatoka nje, anasimama pale High Street ya Erdington dakika nzima, mvua inyeshe, upepo uvume, halafu anarudi na kuuliza, "Tayari?" Mmoja wenu alisema natoka kuvuta sigara kwa kificho. Mwingine akasema ni uganga wa kwetu Taita. Sikuwajibu. Mtu aliyeanza na ndoo na ngazi akaishia kuwa ndiye wa kuulizwa Birmingham nzima hana haja ya kujieleza kwa watoto. Lakini sasa nimestaafu, magoti yamekataa ngazi na milima pia, na wiki hii ya kwanza ya kukaa nyumbani nimeona kwamba nikinyamaza mtaiacha ile dakika. Kwa hiyo naandika. Wasiojua Kiswahili wasomewe na wenzao.

Nilifika pale kuosha madirisha. Elimu yangu ni darasa la saba, na cheti chenyewe kililiwa na mchwa kabla sijakipeleka popote. Ilikuwa miaka ya elfu mbili ndiyo inaanza, majani yanapukutika, nami niko juu ya ngazi, dirisha liko wazi. Ndani mume na mke wanabishana mbele ya Mama Kulwant, mwenye duka hili la kuuza safari. Mama Kulwant alikuwa Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake alikipata nyuma ya kaunta ya baba yake, kwa hiyo kilikuwa amri tupu. Mume anataka kwenda milimani kuteleza kwenye theluji, ile michezo ya kufunga mbao miguuni. Mke hatelezi na hana mpango wa kujifunza. Mume anaonyesha picha za vilele, mke anaangalia ukuta. Basi mimi, na kitambaa kinachochuruzika mkononi, nikaingiza kichwa dirishani nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: "Na mama atakaa wapi?"

Wakanigeukia wote. Kisha yule mke akasema hilo ndilo swali amekuwa akiliuliza tangu nyumbani.

"Wewe mwosha dirisha," akaita Mama Kulwant. "Shuka. Acha ndoo. Ingia."

Kesho yake nilikuwa na meza. Ilikuwa na mguu mmoja mfupi, lakini ilikuwa meza. Na neno la kwanza alilonifundisha ndilo mtaji wangu mpaka leo: "Mwadime, sikia. Hapana uza mlima. Mlima anajiuza mwenyewe. Wewe uza kiti."

Watu hawaelewi kazi yetu. Anayeteleza hana shida. Mpe theluji na njia ya kupanda, jioni atarudi anacheka. Shida ni anayebaki. Huyo ana kutwa nzima ya kuijaza, kwenye kijiji kisicho chake, na mtu wake yuko juu huko, nukta nyeusi kati ya nukta nyeusi. Wenye digrii zao walikuwa wanampelekea kijitabu chenye picha ya bwawa la kuogelea. Mimi nilikwenda mwenyewe. Nilikwenda na viatu hivi hivi vya mjini, maana anayebaki hununua viatu vya maana siku ya tatu, akishaanguka mara mbili. Nilitafuta kijiji kilicho tambarare, chenye vijia vilivyosafishwa theluji kwa ajili ya watembea kwa miguu. Niliangalia kama lifti ya mlimani inamchukua mtu asiye na mbao na kumshusha tena, kwa sababu ziko zinazompandisha tu, kushuka shauri yake. Niliangalia kama kuna mkahawa katikati ya mlima ambapo wawili wanaweza kula pamoja mchana, na kama jua linafika kijijini au mlima wa mbele unalimeza saa saba. Na kanuni yangu kubwa: nilikaa. Nilichagua kiti nikakaa kutwa, tangu lifti ya kwanza inapoanza hadi ya mwisho inaposimama, bila gazeti.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo halimo kwenye kijitabu chochote. Kufika saa nne asubuhi, mlima unameza kijiji. Dakika chache kabla, njia zote zimejaa watu na makelele ya viatu vizito. Halafu hakuna mtu. Muziki unaendelea kupigwa kwenye vipaza sauti bila msikilizaji. Nje ya milango viatu vya kawaida vimepangwa jozi kwa jozi, kama wenyewe wametolewa ndani yake wakiwa wima. Viti vya lifti vinashuka vitupu, kimoja kimoja, na siku moja niliona kimoja kimekaliwa na glovu peke yake, vidole vimeinuliwa. Nilizaliwa milima ya Taita, ukungu na upweke ni mambo ya kwetu. Hata hivyo nilikuwa namshukuru Mungu nikisikia mbwa.

Kutokana na hayo nikatunga maswali yangu matatu, na nilimuuliza anayebaki, si mwenzake. Ukiwa peke yako kutwa unafanya nini? Unaogopa nini? Na mwenzako akiwa mlimani, unataka kumwona, kumsikia, au kumsahau mpaka jioni? La tatu ndilo linalochagua kijiji. Bwana mmoja wa Longbridge, aliyetumikia kiwanda cha magari maisha yake yote, mkewe ndiye anayeteleza. Akanijibu, "Kumsahau, na nipate kitu cha kufungua kwa spana." Nilimpeleka kijiji kimoja chenye karakana ya lifti za zamani, na mzee wa pale anayependa wageni. Alirudi mikono ya shati imejaa grisi, akanikumbatia hapo hapo kaunta. Koti langu halikutakata tena.

Sasa Josefina.

Walikuja majira ya baridi, yeye na mumewe, Wakongo wa Bukavu, watu wa kanisa. Mume alikuwa fundi kwenye karakana ya treni Tyseley. Wenzake wa kazini walimpeleka kwenye jengo moja lenye theluji ya kutengeneza, akaonja kuteleza, akanogewa. Walikuwa na binti mmoja, Furaha, kwa hiyo mume alikuwa Baba Furaha na mke alikuwa Mama Furaha, na sikuwahi kuwasikia wakiitana vingine. Jina Josefina mimi mwenyewe nililijua baadaye, na mtaona lilivyojulikana. Nikamuuliza la kwanza.

"Naomba, nafuma," akasema.

La pili.

"Kukosa kujua iko wapi."

La tatu hakulifikiria hata kidogo. "Kumusikia. Macho yangu hayaone mbali, Muzee. Lakini nikimusikia, moyo unatulia."

Nilikuwa na jibu papo hapo, na nilijivuna nalo. Kilikuwako kijiji upande wa Austria, sitakitaja. Juu ya kijiji kuna kijia cha miguu kinachopita ukingoni mwa msitu, na penye kona kuna kiti cha mbao. Kushoto, nyuma ya miti michache, unapita mteremko wenyewe; unasikia mbao zikikwaruza theluji kama mtu anapasua kitambaa. Kulia ardhi inashuka ghafla mpaka kwenye kijito, na upande huo hakuna njia wala mteleza. Nikamwambia: utakaa hapa, naye kila akishuka atapita hapa. Nikampa kadi yenye namba ya duka. "Wakati wowote, Mama Furaha. Mwadime hashindwi."

Ambacho sikumwambia ni kwamba kiti hicho nilikikalia nusu siku tu. Jua lilikuwa zuri, nilikuwa na njaa, na chini kijijini kulikuwa na supu. Nilisema moyoni, kiti kama hiki kina nini cha kunificha? Nikashuka saa sita, nikaandika *safi*.

Siku yao ya nne kule, mchana, simu ya duka ikalia. Laini ilikuwa mbaya, inakatika na kurudi.

"Muzee Mwadime? Niko ku kile kiti. Ukungu umetoka kule chini, umefunika yote. Na kuko mutu iko ananiita."

"Nani?"

"Sauti ni ya Baba Furaha. Lakini haitoke ku mulima. Inatoka ku mutoni. Kule hakuna njia, Muzee. Atakuwa anafanya nini kule?"

Mjue, nyanya yangu alitulea katika ukungu wa Wundanyi, kwetu Taita, kwa sheria moja: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ngoja uitwe mara tatu. Kinachoita kwenye ukungu hakijui tatu. Kinafika mbili kinaishiwa. Tuliishi hivyo, na watoto ambao hawakuishi hivyo tulioneshwa mahali walipopotelea.

"Amekuita mara ngapi?"

"Mbili."

"Umeitika?"

"Hapana! Hata kwetu haikubaliwe."

"Vizuri. Mama Furaha, ngoja ya tatu."

"Unasema nini? Inakatika!"

"Ngoja ya tatu!"

"Ningoje ya tatu?" akapaza sauti, pale kwenye kiti, ndani ya ule ukungu. "Ya *tatu*, Muzee?"

"Ya tatu!"

Basi tukangoja. Mimi Erdington, kipokea sauti kimenibana sikio, mabasi yanapita nje, yeye mlimani. Nilisikia pumzi yake. Nyuma ya pumzi yake nilisikia ule ukimya wa theluji, ambao una uzito, kama mtu amesimama karibu. Sijui ilipita dakika ishirini au nusu saa. Mara mojamoja nilisema, "Mama Furaha, upo?" naye akasema, "Nipo." Ya tatu haikuja.

Mama Kulwant alikuwa kwenye meza yake anakula chapati na achari. Akasimamisha tonge. "Nani iko kwa simu hiyo muda yote?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Nilitegemea atikise kichwa kwa busara. Akaninyang'anya simu.

"Mama, sikia mimi. Hiyo sauti naita jina gani? ... Sema tena. ... Josefina? Josefina ni nani? ... Wewe?" Akanikazia macho. "Huko kijijini nani najua hiyo jina?"

Sauti ndogo ikasema kitu.

"Hapana mtu. Hata bwana hapana ita hiyo tangu mtoto nazaliwa." Akapiga meza. "Basi ni yeye! Mtu naogopa sana narudi kwa jina ya kwanza. Itika, mama! Itika kwa nguvu!"

Tulimsikia akiitika. Sijawahi kusikia mtu akiitika vile; kama mlango umevunjwa. "Niko hapa! Niko hapa, niko hapa!" Halafu, mbali, chini, kitu ambacho hakikuwa neno. Mama Kulwant alikuwa tayari na simu ya pili sikioni, anafokea hoteli kwa Kiingereza.

Waokoaji walishuka kwa kamba. Walimkuta Baba Furaha kijitoni, mguu umevunjika chini ya goti, unyayo ndani ya maji. Alikuwa ameita mara mbili, kisha taya zikakaza kwa baridi. Akapona. Lakini vidole viwili vya mguu vilikatwa, na daktari alimwambia mkewe kwamba nusu saa ina maana kubwa kwenye maji yale. Hesabuni wenyewe nusu saa ile ilikuwa ya nani.

Walikuja dukani wiki kadhaa baadaye, mume kwa magongo. Josefina alinishika mikono yote miwili akasema, "Aksanti, Muzee, ulipokea simu." Ningependa angenitukana. Mumewe alikaa, akaweka magongo sakafuni, na nikaona kwamba hakuja kwa ajili yangu. Alikuwa na jambo na mkewe ambalo alitaka liwe na mashahidi.

"Nyumbani haijibu," akasema. "Labda hapa atajibu. Mama Furaha, juu ya nini uliniita kule ku mutoni?"

"Sikukuita. Nimekuambia."

"Nilikuwa juu ya njia. Ukungu ukakuja. Nikasikia, 'Baba Furaha!' Sauti yako. Nikasema, bibi yangu amepotea, ameshuka kule. Nikatoka ku njia. Mara ya pili ukaita karibu kabisa, nikageuka pale, na ardhi haikukuwa."

"Mi sikufungula kinywa, Mungu iko anaona! Nilikaa ku kiti."

"Kwa hiyo mi ni mwongo? Ama kichaa?"

"Na ya tatu?" nikauliza. Swali lilinitoka lenyewe.

Akanitazama. "Haikukuwa ya tatu."

Nje treni ya mjini ilipita, na vikombe vikagonganagongana kidogo kwenye trei. Josefina alianza kulia bila sauti, na mumewe akamwangalia, nikaona uso wake ukibadilika, kutoka hasira kwenda mahali pabaya zaidi ya hasira. Akanyoosha mkono akamshika kiwiko.

Mama Kulwant ndiye aliyeuliza, taratibu, huku anafuta meza isiyo na vumbi. "Mama. Zile siku ya kwanza, bwana napita, wewe nafanya nini?"

"Nampazia sauti. 'Baba Furaha!' Yeye ananipungia fimbo."

"Kila siku?"

"Kila mara akipita."

"Basi hiyo imesikia hapo." Hakusema *hiyo* ni nini. "Hiyo naweza sema ile tu imesikia. Josefina haikusikia. Kwa hiyo Josefina ilikuwa ya bwana." Kisha akanigeukia mimi, na sikuwahi kuogopa bosi kama siku ile. "Mwadime. Hiyo kiti wewe ulikaa kutwa?"

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kudanganya kwa mambo makubwa na madogo, na wengine wenu mnayajua.

"Nusu," nikasema.

"Rudi. Maliza."

Nilirudi baridi iliyofuata, na viatu vyangu vya mjini. Nilikaa tangu lifti ya kwanza. Asubuhi ilikuwa ile ile niliyoandika *safi*: jua, mbao zinakwaruza, watoto wanaanguka na kucheka. Saa sita nilisikia harufu ya supu nikabaki. Saa nane ukungu ukaanza kutoka kijitoni. Haukushuka kutoka juu kama ukungu wa Mungu. Ulipanda, mti mmoja hadi mwingine, mpaka sikuona magoti yangu. Sauti za mteremko zikakatika moja moja. Nikabaki na moyo wangu.

Kisha pale chini mtu akaita.

"Mama Furaha."

Sauti ilikuwa yangu. Naijua sauti yangu; nimeisikia nikijisifu miaka hamsini. Lakini ilikuwa nyembamba, ina mikwaruzo, kama inavyotoka kwenye tundu la simu.

"Mama Furaha."

Nilishika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Sikutaka kuhesabu, nikahesabu. Nilimkumbuka nyanya: kinafika mbili, kinaishiwa. Nikangoja ukimya, na ukimya ukaja, nikaanza kushusha pumzi.

Halafu ikaja ya tatu. Polepole, kwa kusitasita, kama mtoto anayesoma neno alilofundishwa juzi.

Na ni sisi tuliomfundisha. Mimi kwa simu, Josefina kwa kupaza sauti. *Ya tatu, Muzee? Ya tatu!*

Sikukimbia. Mimi si mtu wa kukimbia. Nilitembea kwa haraka sana. Nilikwenda moja kwa moja kwa waokoaji nikawaambia nimesikia mtu kijitoni, kwa sababu kuhesabu kulikwisha kuniponza mara moja na sikukubali mara ya pili. Walishuka, wakatafuta mpaka giza, wakahesabu wageni wa kila hoteli. Hakuna aliyepungua. Mkubwa wao aliniuliza sauti hiyo ilisema lugha gani. Nikamwambia, yangu. Hakucheka. Alikwenda akafunga dirisha.

Kijiji kile nimekifuta, na mkikiona kwenye orodha mpya kifuteni tena. Lakini sijui vingapi vingine viko hivyo, wala ninyi hamjui, maana siku hizi mnachagua kwa kompyuta na hamkai kutwa popote. Ndiyo maana nilianzisha jina la akiba. Kila wawili, kabla hawajaondoka dukani, wachague jina moja ambalo hawatalitamka kule mlimani, hata kwa mzaha, hata kitandani, ila wakiwa hatarini. Akiitwa kwa jina lingine lolote toka asikokuona, asiende. Akiitwa kwa hilo, aitike mara ya kwanza, asingoje. Wengi hucheka. Wanacheka, halafu wanainamiana wananong'onezana, na ukiwaangalia usoni hapo utajua ndoa ina afya au haina.

Na wakinong'onezana, ninyi tokeni nje. Vaeni koti, simameni pale mlangoni, mtazame mabasi. Ninyi mnaweza kudhani ni adabu tu. Kwangu mimi haikuwa adabu. Sauti yangu imebaki kule juu, inaita. Jina nisilolijua, haiwezi kuliita.